Elimu ya Bure ni Deni, Si Zawadi



Tumeyasikia mabishano yenu. Katika vikundi vya vijana, mbele ya kanisa baada ya misa, katika mikutano ya shirika, swali linalorudi ni lilelile: ni nani aliyeleta elimu ya msingi bila malipo katika nchi yetu ya Kongo? Baadhi yenu wanasema ni Rais Félix Tshisekedi, kwa maana kabla ya Septemba 2019 watoto walifukuzwa shuleni kwa ajili ya pesa, na baada ya hapo lango likafunguliwa. Wengine wanajibu kwamba ni Rais Joseph Kabila, kwa maana ndiye aliyetia sahihi Katiba ambamo haki hiyo imeandikwa. Kila upande una mashahidi wake, nyimbo zake na fulana zake. Tunaandika ukurasa huu kwa sababu tunaona kwamba mabishano hayo, kwa jinsi yanavyoendeshwa, yanawazoesha vijana tabia mbaya: kumpigia magoti mdaiwa kabla hajamaliza kulipa.

Hatusemi kwamba swali lenyewe ni la kipuuzi. Taifa lisilokumbuka nani alitenda nini haliwezi kuchagua viongozi kwa busara. Basi tuanze kwa kuyapanga mambo kama yalivyokuwa, bila kumnyima mtu sehemu yake.

Ibara ya 43 ya Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inaamuru kwamba elimu ya msingi katika shule za umma iwe ya lazima, tena iwe bila malipo. Sahihi iliyo chini ya Katiba hiyo ni ya Joseph Kabila. Hilo ni kweli, na halina haja ya kufichwa. Lakini Katiba haikutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Iliandaliwa na Bunge la mpito, wakati nchi ilipokuwa na rais mmoja na makamu wanne, watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana vita wao kwa wao, pamoja na upinzani usio na silaha na wajumbe wa mashirika ya raia. Kisha ikaletwa mbele ya wananchi katika kura ya maoni ya Desemba 2005, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura wakaikubali. Wazazi wenu walisimama kwenye foleni zile. Ikiwa tunamtafuta mwandishi wa ibara ya 43, tusiwasahau wale walioipigia kura.

Na hapa historia inatucheka. Chama cha UDPS, ambacho leo kinajivunia elimu ya bure kama mtoto wake wa kuzaa, kiliwaita wafuasi wake waisusie kura hiyo ya mwaka 2005. Nao waliotia sahihi Katiba walitawala karibu miaka 13 baada ya kuitangaza, na katika muda huo mtoto wa maskini aliendelea kurudishwa nyumbani na kipande cha karatasi mkononi chenye hesabu ya deni lake. Walioiandika haki waliiacha ilale. Waliosusa kuiandika ndio walioiamsha. Ni upande gani kati ya hizo mbili unaoweza kusimama mbele ya watu na kusema: haki hii ni yetu peke yetu?

Tuwe waadilifu zaidi. Haki hiyo haikulala usingizi wa kifo. Kuanzia mwaka wa shule 2010–2011, Serikali ya wakati huo ilitangaza elimu ya bure kwa madarasa matatu ya kwanza, isipokuwa mjini Kinshasa na Lubumbashi, kwa nia ya kupanda darasa moja baada ya jingine. Sheria ya msingi ya elimu ya taifa, ya tarehe 11 Februari 2014, ikairudia ahadi hiyo. Lakini mahali pengi tangazo lilibaki ukutani. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo, au haukufika kabisa, na shule ikaendelea kuishi kwa pesa za wazazi. Amri isiyo na bajeti ni kama kengele ya kanisa isiyo na ulimi: inaonekana juu mnarani, lakini haimwiti mtu.

Mwaka 2019 jambo jipya lilitokea, nasi tunalitamka wazi. Rais mpya aliagiza elimu ya bure ianze katika madarasa yote ya msingi, nchi nzima, mwanzoni mwa mwaka wa shule. Wengi walimshauri angoje, kwa maana pesa hazikutosha. Angengoja, huenda tungekuwa tunangoja hata leo. Mlango ulifunguliwa, na watoto wakaingia, wengi mno kuliko madawati yaliyokuwepo. Anayeona uchungu kulikubali hilo anaongozwa na chuki, na chuki haijawahi kumfundisha mtoto kusoma.

Hata hivyo, hata mwaka ule wa 2019 haugawanyiki kwa urahisi. Nchi ilitawaliwa na muungano wa pande mbili: CACH ya rais na FCC ya mtangulizi wake. Rais alikuwa wa upande mmoja. Waziri mkuu, wingi wa wabunge na waziri wa elimu ya msingi walikuwa wa upande mwingine. Bajeti ya kwanza ya elimu ya bure ilipitishwa na wabunge hao. Desemba 2020 muungano ulivunjika, wabunge wengi wakahamia upande wa rais, na watu walewale waliopiga kura wakiwa FCC wakaanza kusimulia kazi ileile wakiwa Muungano Mtakatifu. Je, kijana wa parokia avunje urafiki na mwenzake kwa ajili ya sifa ambazo wenyewe wamekwisha kuzihamisha kutoka kabati moja hadi jingine?

Wapo pia wanaosema: acheni wanasiasa, mfadhili ndiye aliyelipa. Ni kweli kwamba mwezi Juni 2020 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa dola milioni 800 kwa ajili ya elimu ya msingi ya Kongo. Lakini msaada wa nje una mwanzo na una mwisho, nao haukuandika ibara ya 43. Na ukaguzi wa Inspeksheni Kuu ya Fedha ulipochungulia ndani ya orodha za mishahara ya elimu, ulikuta shule na watumishi wa kubuni. Pesa ya mgeni haiponyi nyumba ambayo wenyeji wake wameiachia panya.

Na wapo, hasa kati yetu wa parokiani, wanaosema: ni Kanisa lililobeba shule za nchi hii. Hilo nalo ni kweli, na lipimwe kwa mizani ileile. Tangu mapatano ya Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za umma zinasimamiwa na makanisa, na mtandao wa Kikatoliki ndio mkubwa kuliko yote. Serikali ilipoacha kumlipa mwalimu mshahara wa kueleweka, na migomo ikayafunga madarasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, maaskofu na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachange ili mwalimu abaki darasani. Bila uamuzi huo shule nyingi zingekufa. Lakini mchango uliokusudiwa kuwa wa muda ukageuka kuwa desturi ya zaidi ya robo karne. Na si pesa yote iliyobaki kwa mwalimu: sehemu yake ilipanda ngazi hadi maofisini, yale ya Serikali na yale ya mitandao ya shule za dini. Atakayelisifu Kanisa kwa ajili ya shule alisifu kwa ukweli wote, na asiruke ukurasa huo.

Basi, baada ya kuzunguka pande zote, tunauliza: ni nani aliyelipa kwelikweli? Jibu liko karibu nanyi kuliko mnavyodhani. Mama aliyeuza mihogo na mkaa kandokando ya njia ili kaka yenu asifukuzwe, huyo alilipa. Baba aliyeuza mbuzi wa mwisho mwezi wa Septemba, huyo alilipa. Dada yenu aliyeachishwa masomo ili pesa iliyopo imtoshe mvulana, huyo alilipa kwa maisha yake. Kwa zaidi ya miaka 25 wazazi wa Kongo waliibeba shule ya umma mabegani mwao, na hakuna aliyewachapia fulana.

Wa pili kulipa ni mwalimu, na juu yake tunaomba msikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo mabishano yenu yanapoficha jeraha. Katika kila shule mnajua kwamba kuna walimu walioandikwa katika orodha ya malipo, na kuna wengine wanaofundisha bila kuandikwa, wale wanaoitwa NU, na wale walioandikwa kwa nambari lakini hawalipwi, wanaoitwa NP. Kabla ya mwaka 2019 watu hao waliishi kwa mchango wa wazazi. Mchango ulipopigwa marufuku, aliyekuwa katika orodha ya Serikali alibaki na mshahara wake. Asiyekuwa katika orodha alibaki na chaki. Kwake yeye, siku ile tuliyoiita siku ya ukombozi ilikuwa siku alipopoteza riziki pekee aliyokuwa nayo. Tangu hapo wengine wameandikwa, na hilo ni jema. Lakini wangali wako wanaoingia darasani kila asubuhi, wanaandaa somo, wanasahihisha daftari, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Elimu inayoitwa ya bure, lakini inayosimama juu ya mgongo wa mtu asiyelipwa, si ya bure. Bei yake imehamishwa tu, kutoka kwa mzazi maskini hadi kwa mwalimu aliye maskini kuliko yeye.

Kanisa limefundisha tangu waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891 kwamba mshahara wa haki si hisani ya tajiri, ni haki ya mfanyakazi. Mafundisho hayo hayabadiliki kwa sababu mwajiri ni Serikali, wala kwa sababu mwajiri huyo amefanya jambo jingine zuri.

Oktoba 2021 walimu waligoma kudai yale waliyoahidiwa. Watoto mjini Kinshasa, wakiwa wamevaa sare zao, waliandamana hadi Jumba la Wananchi, kulipo Bunge, wakidai walimu wao warudi darasani. Tafakarini picha hiyo. Watoto hawakuuliza ni upande gani uliowaletea elimu. Waliuliza mwalimu wao yuko wapi. Kwa maoni yetu, swali la watoto wale lilikuwa na akili nyingi kuliko hotuba zote zilizosemwa mwaka ule.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Tofauti kati ya zawadi na deni ni nini? Zawadi hutoka katika hiari ya mtoaji. Akipenda anatoa, asipopenda anazuia, na aliyepewa anabaki na kazi moja tu, kushukuru. Deni halina hiari. Anayelipa deni hafanyi hisani. Anatimiza wajibu, na akichelewa anaulizwa. Wahenga walisema: dawa ya deni kulipa. Hawakusema kwamba dawa ya deni ni kuimbiwa.

Katiba imeiweka elimu ya msingi upande wa madeni. Serikali, iwe ya rangi yoyote, inamdaia mtoto wa Kongo? Hapana: mtoto ndiye anayeidai Serikali. Anayesimama jukwaani na kusema, "Sisi tuliwapa shule ya bure," anachukua kitu kilichokuwa chenu na kuwarudishia kikiwa kimefungwa utepe. Ukishakubali maneno hayo, umekubali pia mambo mengine mawili usiyoyaona. Umekubali kwamba aliyetoa anaweza kunyang'anya. Na umekubali kwamba usiyempa kura hutakuwa na uso wa kumdai. Hapo haki yako imegeuka kuwa fadhila, na wewe umegeuka kutoka raia kuwa mteja.

Tena, angalieni jinsi ugomvi wa sifa unavyozifaa pande zote mbili. Wa upande wa utawala wanasema: mla ni mla leo, mla jana kala nini, sisi ndio tuliotenda. Kwa hiyo anayetaja darasa lililofurika anaitwa adui wa elimu ya bure. Wa upande wa pili wanasema: ilianzishwa vibaya, bila matayarisho. Kwa hiyo hawaulizwi kwa nini wao, katika miaka yao yote, hawakuyafanya matayarisho hayo. Mmoja anajificha nyuma ya mwaka 2019, mwingine nyuma ya mwaka 2006, na kati ya miaka hiyo miwili mwalimu wa NU anasimama peke yake na chaki yake.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mtatuambia: je, mnataka tusimshukuru mtu yeyote? Kiongozi asiyesifiwa kwa jema atapata wapi moyo wa kutenda jingine? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Kiongozi aliyethubutu apewe heshima ya kuthubutu, na jina lake liandikwe. Lakini heshima ina kipimo chake. Fundi aliyejenga kuta za nyumba tunamsifu kwa kuta. Hatumkabidhi malipo ya paa ambalo hajaliweka, hasa mvua ikiwa inanyesha juu ya watoto. Na sifa bora kwa kiongozi aliyeanzisha jambo ni kumkumbusha bila kuchoka alimalize. Anayemsifu tu, bila kumdai, hampendi, anamsaidia kulala.

Wengine watasema: ninyi mnajificha katikati, mnaogopa kuchagua upande. Hapana. Tumechagua upande, nao ni upande wa darasa. Hebu tuhesabu pamoja. Darasa lenye watoto 100 si ajabu tena katika nchi hii. Somo la nusu saa lina sekunde 1,800. Mwalimu akitaka kumtazama kila mtoto mara moja, bila kuandika ubaoni wala kueleza lolote, kila mtoto anapata sekunde 18. Katika sekunde 18 huwezi kujua kama mtoto anasoma au amekariri tu. Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu tunajua kwamba mtoto anaweza kupanda madarasa manne kwa kukariri, akafika kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi bila kusoma sentensi moja. Mtoto huyo yumo katika hesabu za walioandikishwa. Pande zote mbili zinaweza kujivunia yeye. Naye hajui kusoma jina la anayejivunia.

Basi tunawapa vijana wa parokia kazi, maana maneno yasiyo na kazi ni moshi. Mkikutana tena katika kikundi chenu na mabishano yakianza, msiulize tena nani alileta. Ulizeni maswali manne, na myaulize kwa adabu na kwa uthabiti, mkianza na shule iliyo karibu na kanisa lenu. La kwanza: katika shule hii, walimu wangapi wanafundisha bila mshahara, na tangu lini? La pili: kila darasa lina watoto wangapi, na wangapi wanakaa chini? La tatu: pesa za uendeshaji wa shule zinafika, au mkuu wa shule ananunua chaki kwa kuwaomba wazazi kimyakimya? La nne: mtoto akimaliza shule ya msingi, nani atamlipia shule ya sekondari, ambako mzazi angali analipa?

Andikeni majibu. Msiongeze, msipunguze. Kisha, atakapokuja mbunge au mgombea, wa upande wowote, akitaka kupongezwa kwa elimu ya bure, mpeni kwanza nafasi ya kusema. Mkimaliza kumsikiliza, msomeeni karatasi yenu, na mwulizeni ni lipi kati ya hayo atakalolitimiza na kwa bajeti ya mwaka gani. Akiwa wa utawala, mwulizeni kwa nini halijafanyika. Akiwa wa upinzani, mwulizeni kwa nini hakulifanya alipokuwa na nafasi. Mtaona jinsi nyimbo zinavyopungua sauti mbele ya hesabu.

Wala msikubali kugawanyika kwa ajili ya jambo hili. Kijana anayemshabikia Tshisekedi na kijana anayemshabikia Kabila wana wadogo wanaokaa kwenye sakafu moja. Wakiiandika karatasi hiyo pamoja, hakuna upande utakaoweza kuwaambia kwamba wametumwa na adui.

Siku mwalimu wa mwisho asiyelipwa atakapopata haki yake, siku mtoto wa kijiji cha mwisho atakapokuwa na dawati, na mwalimu mwenye muda wa kumsikiliza akisoma, tutakaa tuzungumze juu ya sifa, na tutazigawa kwa ukarimu: kwa wazazi kwanza, kwa walimu, kwa waliopiga kura mwaka 2005, na kwa viongozi waliothubutu, kila mmoja kwa jina lake. Hadi siku hiyo, mtoto wa Kongo ni mdai, na mdai haendi kwa mdaiwa wake na ngoma. Huenda na daftari la hesabu.